Mama Asiyeumwa

Mwezi uliopita nilivuka Ruvuma kutoka Mtwara, ninakouza vitenge, kwenda kwetu Palma kumwona mama. Amerudi nyumbani baada ya ile miaka ya kukimbia vita, na tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Nilimkuta uani anatwanga muhogo, kapulana, kitenge cha kwetu, kaifunga kiunoni, mchi unapanda na kushuka bila kupumzika. Mtu mwingine angemshukuru Mungu kumkuta mama yake na nguvu vile. Mimi niliingiwa na hofu. Ngoja nikueleze kwa nini, usije ukaniona nina wazimu.

Nyumba yetu ya utotoni ilikuwa na mgonjwa wake, naye alikuwa bibi, aliyemzaa mama. Sikumbuki siku niliyomkuta mzima. Leo pumu, kesho mifupa, kesho kutwa tumbo, kisha pumu tena. Alishinda barazani kwenye kitanda cha kamba, kichwa kimefungwa kitambaa kilicholowa mafuta ya nazi, na harufu ya mvuje na kitunguu saumu iliingia mpaka kwenye nguo zetu za shule. Asubuhi tuliamshwa na kikohozi chake kabla ya jogoo. Tukimpelekea uji wa mtama aliuonja, akatuaga, akasema huo ndio wa mwisho, halafu akaomba uongezwe. Sanda yake ilikuwa tayari sandukuni, imefukizwa ubani, na kazi yangu ilikuwa kuitoa na kuianika juani isishike ukungu. Nilikuwa naianika na kuikunja kama shuka nyingine yoyote.

Jirani yetu alikuwa mwanamume wa miraba minne, aliyeleta makopa, muhogo mkavu, kutoka Pundanhar kwa baiskeli, magunia yamepangwa nyuma mpaka yanampita kimo. Alikuwa wa kabila lenye utani na letu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtukana bibi, na bibi alikuwa na ruhusa ya kumrudishia. Hakupita barazani bila kusimama.

"Bibi, bado upo? Mie nshanunua mchele wa hitima yako!"

"Upike, ntani wangu, ule mwenyewe. Naona una haraka kunshinda."

Tulicheka sote. Siku moja alasiri alirudi kutoka Pundanhar, akateremsha magunia, akaomba maji, akakaa chini kwenye kizingiti chake, na hakuinuka tena. Hakuwahi kulalamika hata jino. Kwa kuwa hakuna aliyetarajia afe, hakukuwa na kitu chochote ndani mwake, na watu wakaja kwetu kuomba sanda ya bibi. Mimi ndiye niliyeitoa sandukuni. Hapo ndipo nilipoielewa ile nguo.

Jeneza lilipotaka kutoka, bibi aliinuka kitandani, jambo ambalo sikumbuki kuliona kabla ya siku hiyo. Alikwenda kwa fimbo mpaka kwa jirani, akasimama mlangoni akaziba njia, maana mtani ana haki yake msibani. Aliinamisha mgongo akamwigiza marehemu anavyosukuma baiskeli yenye mzigo, akihema na kujipangusa uso. "Hatoki ntu! Nani kakupa zamu yangu wewe? Nivulie nguo yangu!" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, wakampa chochote apishe njia kama ilivyo desturi. Kisha fimbo ikamponyoka, akalia kwa sauti ambayo bado naisikia.

Baada ya hapo mji mzima ulizungumza habari moja: wagonjwa wanabaki, wenye afya wanaondoka. Kulikuwa na misemo juu ya jambo hilo, ya kuchekesha, na kila aliyepita barazani alimwachia bibi mmoja. Sitaitaja. Sitaki kuitamka hata leo, maana wakubwa waliisema kwa mzaha nami niliiamini yote. Nilianza kuwahesabu watu wazima wa mtaa wetu kwa hofu, na mzima kupita wote alikuwa mama. Mama hakupiga hata chafya. Alikwenda Mbau kununua mpunga, akarudi na mzigo kichwani anaimba. Kila alipoimba nilitaka kulia.

Nikawa simwachi. Nilimfuata kisimani, nilimfuata jikoni, nikimwuliza kama kichwa kinamwuma. Nilimwomba Mungu ampe homa, siyo kubwa, ya kutosha tu. Shuleni mwalimu alinikuta nimelala juu ya daftari kwa sababu nilikesha nikisikiliza mama anavyopumua, akamwita. Tukiwa njiani kurudi mama alinibana mpaka nikasema.

"Wewe huumwi, mama. Utakufa kama jirani."

Nilidhani atacheka. Alinishika mkono mpaka tukafika nyumbani. Jioni ile, akitandika mkeka wangu, alishika goti akaguna. "Leo goti lanuma, mwanangu, we acha tu." Nililala usingizi mnono. Kesho yake ilikuwa mgongo, siku nyingine bega, siku nyingine sikio. Kila jioni aliniletea kipande cha ugonjwa kama wenzangu wanavyoletewa kashata. Nilikuja kujua, nikiwa nimeshakuwa mama mwenyewe, kwamba hakuna kilichokuwa kinamwuma. Aliniambia akicheka, nikamkumbatia.

Bibi alizika wengine wengi, kisha akaenda zake kwa amani kabla vita havijafika kwetu. Sasa baraza lile halipo, na watani wametawanyika, wengine Pemba, mji ulio kusini kwetu, wengine sijui wapi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wetu wameacha kulalamika. Zamani ukimwuliza mtu habari zake, alikuanzia kwenye unyayo akapanda nazo mpaka utosini. Siku hizi wamepoteza nyumba, wamepoteza ndugu, ukiwauliza wanakujibu salama, tunashukuru, halafu wanaangalia pembeni. Wameona kuwa goti si kitu cha kumsimulia mtu.

Mama naye amekuwa hivyo. Alipomaliza kutwanga tulikaa mkekani kunywa chai. Nilimwona akinyanyua birika, akasita katikati, mkono mmoja ukaenda kushika ubavu, akafumba macho. Alipoyafumbua alikuta namtazama.

"Nini kinauma, mama?"

"Hakuna. Mie nzima kabisa, mwanangu. Kunywa chai."

Nilisema twende Mtwara hospitali, akasema twende kufanya nini wakati haumwi. Utotoni alinibunia maumivu ili nilale. Sasa ameyapata ya kweli anayaficha, naye anadhani ananitendea wema uleule. Nimesharudi kwangu, na simu ikilia nikaona inatoka Palma, nakaa chini kwanza ndipo napokea.