Gari za watu wa Kakuma, kivuli yetu Lodwar, na miiba niliyoweka

Wakuu, ejok nyote. Naandika vile ilikuwa, hata pale nilikosea mwenyewe.

Kwetu ni Lodwar, nyuma ya stage ya magari ya kwenda Kakuma. Watu wanaofanya kazi Kakuma wanaacha magari yao kwa njia yetu asubuhi, wanapanda za abiria, wanarudi jioni.

Mbona kwetu? Kuna mwarobaini mbele ya geti. Kivuli. Jua ya hapa mnaijua, ukiacha gari nje usukani inachoma kama sufuria.

Shida ni maji. Bowser, lori ya kuleta maji, inakuja Jumanne peke yake. Wiki mbili ilikuta gari moja, Probox nyeupe, imeziba njia, ikageuza. Na mama anafua nguo za watu, hiyo ndio inatulisha.

Nikaenda kwa askari wa kaunti. Wawili, wamekaa tu chini ya mwavuli.

"Sisi tunafunga tairi za gari za town. Huko kwenu ni nyumbani," mmoja akasema.

Mwenzake: "Ambia huo mti uhame."

Wakacheka. Na pale walikaa, Probox inaonekana!

Nilikasirika. Jumatatu nikakata matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, nikafunga kivuli yote vile babu alikuwa anafunga boma ya mbuzi. Jumanne asubuhi Probox ikaja, ikaona, ikaenda. Nikajiona waziri.

Saa nne bowser ikafika. Dereva akavuta matawi kando, akaingia. Lakini mathenge inaacha miiba kwa mchanga. Tairi ya mbele, pssss.

"Kijana, unafuga mbuzi kwa barabara?" Alibadilisha tairi akinitukana, akaenda na maji yote.

Askari? Siku hiyo walikuja mbio. "Nani ameweka miiba kwa njia ya umma? Hiyo ni makosa." Nilifagia mchanga mpaka saa saba, wao wamesimama kwa kivuli yetu.

Jioni mama akaenda kwa stage, akangoja mwenye Probox ashuke kutoka Kakuma. Ni mwalimu.

"Mwalimu, Jumanne tu. Maji haiingii."

"Woi, mama, sikujua. Pole sana."

Imeisha hivyo. Jumanne anapaki kwingine, na mama alimpigia dereva wa bowser mpaka akakubali kurudi. Siku zingine Probox iko palepale, askari pia.

Nilichojifunza: mimi nilifika kwa askari, nikafika kwa miiba, kwa mwenye gari sikufika. Lakini bado nauliza, kazi ya askari ni gani?

Wenye mnaishi karibu na stage, nyinyi mnafanyaje? Semeni hapa. Matusi ya miiba nimeshapata ya kutosha.