Mama Analishwa na Nani?

Mwanamke aliyekodiwa kumuuguza mama yake Mheshimiwa Pyo, mbunge, hakuwa nesi wala ndugu. Alilala kwenye benchi fupi kando ya kitanda cha hospitali. Alipasha mikono joto kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa, na kila aliponyanyua kijiko alitangulia kufunua mdomo wake mwenyewe. Mheshimiwa alimwonea wivu wa mke mwenza, hadi kwa namna alivyokunja blanketi.

Siku hiyo bunge, pale Seoul, lilijadili kama bima ya afya ya taifa iwalipe wauguzaji wa kukodiwa kama huyo. Mheshimiwa alipokuwa akinguruma kwamba wagonjwa wametelekezwa, sauti ikatoka viti vya wapinzani: "Na mamako je, analishwa na nani?" Ukumbi ukaangua kicheko. Akaja wodini moja kwa moja, beji ya ubunge ingali kifuani.

"Lete hicho kijiko, dada. Leo namlisha mwenyewe."

"Haya, Mheshimiwa. Upulize lakini, uji wa moto huo."

Akapuliza, akabembeleza. "Mama, ni mimi jamani." Mama kafumba midomo, hataki hata kuonja. Yule mwanamke alikuwa kasimama pembeni na taulo lake. Alifunua tu mdomo, taratibu. Mama akamtazama yeye, akafunua wake, uji ukapita. Na Mheshimiwa, aliyekuwa amefoka mchana kutwa, akajikuta naye ameachama, anangoja kijiko chake.