Gauni la Malkia wa Kigango

Watu wa Majengo wanamwita wifi yangu Gaudiosa mpole. Nawaambia hamumjui. Mpole ni mtu asiye na kinyongo, na Gaudiosa kinyongo anacho, tena anakitunza kama watu wanavyotunza mbegu ya ulezi. Ni fundi cherehani, kibanda chake kimeegemea duka langu la vitenge. Mumewe ni kaka yangu Kalisti, yuko ziwani Kasanga na nyavu zake, nyumbani anakuja mara moja moja. Kwa hiyo mtoto wao Angela tumemlea wanawake wawili, na haya ninayosema nimeyaona kwa macho yangu.

Angela ana miaka tisa. Si mtundu, hana kiburi, wala hajarogwa kama wanavyopenda kusema wambea wa mjini hapa. Kelele zinamuumiza kama wewe moto unavyokuumiza. Lebo ya shati ikimgusa shingoni anajikuna mpaka damu. Mama yake ndiye anayemshonea kila kitu. Mishono anaifunika kwa kitenge kuukuu kilicholainika, na hata sweta anafuma mwenyewe.

Mwaka jana, sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, tulikwenda naye ukumbini kutazama igizo. Ngoma zikalia ghafla, mtoto akaziba masikio akapiga yowe. Kabla hatujainuka, Albina alishafika. Huyu Albina ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango, mwanamke wa mwili na sauti, akipita watu wanasogeza viti. Alimshika Angela mkono, akamburuta mpaka mlangoni, halafu akamgeukia Gaudiosa mbele ya kigango kizima.

"Mtoto wa namna hii hufungiwa nyumbani," alisema. "Haletwi kwa watu."

Kuna waliocheka. Ninawajua, na wengine wanakuja dukani kwangu kuomba niwapunguzie bei, hawapati. Gaudiosa alimchukua mwanawe, tukatoka. Njiani ndipo aliponiambia kwamba mwakani Angela atakaa ndani ya ukumbi ule tangu mwanzo hadi mwisho, na Albina atamwona kwa macho yake. Nikasema amina.

Mwaka huu mahindi yalipoanza kuvunwa, kazi ikaanza. Tulimwomba katekista Cornelius ufunguo, tukawa tunampeleka Angela ukumbini siku ambazo hakuna mtu. Alizoea harufu ya saruji na mapazia. Akajichagulia mwenyewe pa kukaa, mwisho wa benchi, karibu na mlango. Ngoma alionyeshwa ikiwa kimya, akaishika ngozi yake, akaigonga kwa kidole. Kisha tukamwambia Elia, mpiga ngoma, awe anapiga mbali, kule bombani, wakati Angela anaosha vyombo. Kila Jumamosi Elia alisogea kidogo. Mwisho alikuwa anapigia uani kwetu na mtoto anachambua maharage, masikioni kavaa vile vifuniko wanavyovaa watu wa mashine za mbao.

Kilichobaki kilikuwa makofi. Sisi Wafipa salamu yetu ni kupiga magoti na kupiga makofi, na katika igizo la mwaka huu, alilolitunga Cornelius, watu wote walipaswa kuja mmoja mmoja kumwamkia malkia mwenye kiburi, naye akae kimya kama sanamu. Kwa hiyo nilipiga magoti mbele ya mtoto kila jioni, mimi na magoti yangu haya mabovu, nikapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa, yale yasiyo na mlio mkali, mpaka akaacha kushtuka. Nikamfanyia na vigelegele. Majirani walidhani naoza binti.

Gaudiosa alimsimulia igizo lote kwa vikaragosi vya vitambaa. Kwanza madirisha yatafunikwa turubai, kutakuwa giza. Halafu ngoma. Halafu malkia atakaa. Alikuwa na sharti moja, hakuna kumdanganya mtoto hata kidogo, kwa sababu Angela akiambiwa jambo na likaja vingine, anavunjika. Kinachouma aliambiwa kinauma. Na mtoto alimwamini mama yake kuliko misa.

Sasa sikiliza. Malkia alikuwa nani? Albina, nani mwingine. Na fundi wa kigango ni nani?

Albina alikuja kibandani kupimwa, akatanua mikono. Nilingoja aseme japo samahani. Alitazama kucha zake, akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu, "Mwaka huu utamwacha nyumbani yule, sivyo?"

Gaudiosa alikuwa na futi ya kupimia shingoni mwa Albina. Aliizungusha taratibu, akasoma kipimo, akasema, "Gauni litakuwa tayari, Mama Mwenyekiti."

Alipoondoka, wifi yangu akashusha kutoka darini gunia la katani na mabaki ya uzi wa nyavu, ule wa nailoni, ambayo Kalisti aliyaacha. Aliukata uzi vipande vifupi kama punje za mchele, akavishonea kwenye gunia, na lile gunia akalitia shingoni, kwapani na mgongoni mwa gauni. Juu yake akaweka bitana nyembamba ya hariri. Ukilijaribu umesimama, dakika mbili tatu, husikii kitu. Ukikaa, ukatoa jasho, bitana ikashikamana na mwili, ndipo utamjua Gaudiosa. Aliniambia anataka mwanamke yule aonje, mbele ya watu wale wale, anachoonja mwanawe kila asubuhi ya Mungu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sikuona ubaya wowote, na mpaka leo ukiniuliza nitakujibu hivyo hivyo.

Albina alilijaribu, akajizungusha mbele ya kioo, akatusifu.

Siku ya sikukuu upepo ulikuwa mkali, ule wa mwezi wa saba unaokata midomo. Ukumbi ulijaa. Angela akakaa mahali pake, vifuniko masikioni. Madirisha yakafunikwa, akasema polepole, "Giza," kama mtu anayehesabu. Ngoma zikalia. Aliyumba mbele na nyuma, akamshika mama yake goti, lakini sauti haikumtoka. Nilitaka kulia kwa furaha. Niliwatazama wale waliocheka mwaka jana mmoja mmoja, nikawaacha watazame wenyewe.

Albina akaingia na taji lake, akakaa kitini. Watu wakaanza kuja kupiga magoti na makofi. Yule wa kwanza, sawa. Wa tatu, bega la malkia likaruka. Wa tano, akajisugua shingo kwenye kiti. Watu walidhani ni mchezo, wakacheka, na kadiri walivyocheka ndivyo Elia alivyozidisha ngoma. Cornelius, nyuma ya pazia, alikuwa anampungia malkia atulie. Albina alitulia, machozi yanamtoka, kidole kimezama ndani ya kola. Gaudiosa hakupepesa jicho. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Angela akavua vifuniko vya masikio.

"Mama, nguo inamuuma," alisema.

"Tulia, ni mchezo," Gaudiosa akajibu bila kumtazama.

"Si mchezo."

Na kabla sijanyoosha mkono mtoto alishapita. Alikwenda katikati ya mabenchi, masikio wazi, ngoma zinalia, watu wanacheka, uso umemkunjamana kwa maumivu, lakini hakusimama. Akapanda jukwaani, akazunguka nyuma ya kiti. Elia akaacha kupiga. Ukumbi mzima ukasikia sauti yake nyembamba ikisema, "Inama, nifungue." Na Albina, yule Albina, akainama. Angela akafungua vifungo kimoja kimoja mpaka kiunoni, akalishusha gauni mabegani. Shingo na mgongo vilikuwa vyekundu, vimevimba mistari mistari. Mtoto akaweka mdomo karibu, akaanza kumpulizia, kama mama yake anavyompulizia yeye. Mwenyekiti wa akina mama alilia kwa sauti mbele ya kigango kizima. Mama mmoja akaja kumfunika kitenge.

Hicho ndicho tulichokitaka. Aibu tuliyomtakia ilimpata, tena ya kujaza debe, na mimi niliifurahia yote. Lakini nilipogeuka kumpa wifi yangu mkono wa hongera, alikuwa ameshauma upindo wa kanga yake, anamtazama mwanawe.

Tulirudi kwa miguu, Angela katikati yetu. Tulipofika kwenye mashamba yaliyovunwa, pasipo na watu, akauliza.

"Mama, nani alishona gauni la malkia?"

Nilimkonyeza Gaudiosa. Nilimwonyesha kwa mdomo, sema limetoka Mbeya, sema limeazimwa, sema chochote. Aliniona vizuri.

"Mimi," alisema.

"Hukujua kama linauma?"

Upepo ulikuwa unavuma, na nilimwomba Mungu uzidi ili jibu lisisikike.

"Nilijua," Gaudiosa alisema.

Angela alisimama. Hakulia, wala hakupiga yowe. Alivua sweta lake katika baridi ile, akapiga magoti kandokando ya barabara, akaligeuza nje ndani, akaanza kupitisha kidole polepole kwenye kila mshono, kutoka shingoni hadi kwapani, anatafuta.