Kikapu cha Ghorofa ya Tatu

Mwanangu alikuja kutoka Ujerumani kunihamisha. Alikuwa keshanijengea nyumba Bububu, nje ya mji, ya chini, isiyo na ngazi hata moja, na msichana wa kunitazama keshamtafuta. Nina miaka sabini na sita, na ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni arubaini na moja. Nazipanda mwenyewe.

"Mama, umeshazeeka," akaniambia.

Uzee nimeuona kwake. Nilikaa kule msimu mzima wa baridi. Kwenye basi sote tulikuwa wazee, hakuna wa kumpisha mwenzake kiti. Jirani yake, mzee wa rika langu, alikufa ndani na hakuna aliyejua mpaka barua zilipojaa mlangoni. Nilimlilia mtu nisiyemjua hata jina. Hapa mtaani kwetu, nilipokuwa mdogo, wazee walikuwa wawili tu. Leo tupo wanane, na watoto bado wanatupita mbio ngazini. Na sisi tunaongezeka. Ndiyo tukafichwe Bububu?

"Siendi," nikamwambia. Akaagiza gari la mizigo lije siku ya pili yake.

Asubuhi hiyo aliamka kabla yangu. Muuza mikate akapiga kengele ya baiskeli huko chini, naye akateremsha kikapu changu dirishani kwa kamba, kama nifanyavyo kila siku. Mikate haikutiwa.

"Bi mkubwa yuko wapi?"

"Yupo, kalala."

"Muamshe nimuone."

"Nshakwambia yupo! Mimi mwanawe."

"Wewe sikujui. Sitii kitu mpaka nimuone mwenyewe."

Nilikuwa macho kitandani, nikajikausha makusudi. Haikupita hata robo saa, jirani wa chini, keshaitwa na muuza mikate, akapanda kugonga mlango, na mwenye duka la mkabala nyuma yake, wote wanahema. Mwanangu akawafungulia, kamba bado mkononi.

Nikajitanda kanga, nikatoka. "Na wewe kule kwako," nikamuuliza, "siku usipofungua dirisha, nani atakuja kukugongea?"

Ana miaka hamsini na mbili na anaishi peke yake. Moyo uliniuma, lakini sikulegea. Nikaichukua kamba mkononi mwake, nikatoa kichwa dirishani. Muuza mikate alikuwa bado chini, ananingoja.

"Nipo! Tia mikate minne leo, nina wageni. Na gari la mizigo likija, lirudishe lilikotoka."