Mgonjwa wa Mama Otilia

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka ya dawa yakaota Sumbawanga kama uyoga, kila aliyekohoa alijinunulia vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, akimeza mpaka apate nafuu, kisha akiviacha. Jambo hilo lilimuudhi kweli Mama Otilia, daktari aliyefundisha vijana udaktari hospitalini. Kila Ijumaa alimkalisha mgonjwa mmoja mbele yao. Siku moja alikuwa Mboje, mfugaji wa kule Laela, kidonda cha mguuni kimegoma kupona kwa sababu dawa alianza, akaacha, akaanza tena. Kabla mwanafunzi hajataja sindano, Mama Otilia alimkatiza: "Mdudu gani unamtafuta?" Asiyejua alirudi kumpima mgonjwa upya. Walimwogopa, na walimpenda kupita kiasi.

Basi Julai moja, baridi ya Ufipa ikiwa imekaza, bintiye wa pekee, Margareth, akawa anaolewa. Jumamosi mama ndiye angesimama ukumbini kumpa mwanawe maneno ya kumuaga. Alhamisi akaamka na mafua, sauti imekauka kabisa. Akachanganyikiwa. Akamwita Yusto, mwanafunzi wake aliyekuja kupasua kuni za shughuli, akamnong'oneza aende dukani kumnunulia vidonge vya rangi mbili, tena upesi, na asimwambie mtu.

Yusto hakwenda. Alimpima homa, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akamchungulia koo. Hakuona zaidi ya mafua. Kisha akasema, "Samahani, Mama. Mdudu gani tunamtafuta?"

Mashangazi waliokuwa wakichambua mchele wakageuka kutazama. Mama Otilia alimkazia macho kijana yule, akataka kumfukuza, yeye na shoka lake la kuni. Halafu akacheka, kicheko kisicho na sauti, mpaka kikohozi kikamshika.

"Hakuna, mwanangu," akanong'ona. "Niletee maji ya moto."

Jumamosi sauti ilikuwa haijarudi. Mshereheshaji alipomkaribisha, ukumbi mzima ukatulia, naye akasimama machozi yakimlengalenga. Margareth akaelewa. Akainuka na shela lake, akaenda kumtegea mama sikio karibu na mdomo. Mama akayasema yote, taratibu, na hakuna aliyesikia isipokuwa bibi harusi, aliyelia na kucheka kwa pamoja.

Yusto alikuwa mlangoni, anatazama viatu vyake. Familia ilipoitwa kupiga picha, Mama Otilia alimwita kwa kidole, akamvuta mkono, akamsimamisha pembeni yake.