Waya Niliouona Nikanyamaza

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari Ukunda. Injini niliijua kwa kuisikiliza na kunusa moshi wake. Kisha akaja fundi kijana kutoka bara, akafungua gereji ng'ambo ya barabara, na wateja wangu wakaanza kuvuka mmoja mmoja.

Aliyeniuma zaidi ni muuguzi wa Msambweni. Gari lake lilikuwa likinywa petroli kupita kiasi, na taa ya injini haizimiki. Nilisafisha plagi, nikabadilisha chujio la hewa, wapi! Siku ya tatu nikaliona gari kwa jirani. Nikavuka, eti naazima spana.

Kijana alikuwa ameunganisha matundu mawili ya kisanduku kando ya injini kwa kipande cha waya. Akafungua swichi bila kupiga stati. Taa ya injini ikawaka na kuzima mara mbili, ikatulia, kisha mara moja.

"Mbili, kisha moja: hitilafu namba ishirini na moja," akasema. "Ni sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi."

"Kumbe gari lasema lenyewe!" Muuguzi akacheka. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo.

Nikainama kuchukua spana, nikachungulia chini ya gari. Waya uendao kwenye sensa ulikuwa umelalia bomba la ekzosi, umeyeyuka hadi shaba inaonekana. Nikanyamaza. Nikarudi kwangu nikisema moyoni: na aumbuke.

Akaagiza sensa mpya kutoka Mombasa, akaifunga. Jioni ile ile taa ikawaka tena. Muuguzi akaniletea gari, kijana akimfuata kwa miguu.

"Fundi, hebu tazama na wewe," muuguzi akaniomba.

Nikaingia chini. Sikutafuta hata kidogo. "Tatizo ni huu waya."

Tulipoufunga vizuri na muuguzi akaondoka, kijana akaniuliza polepole, "Kaka, juzi uliinama pale pale. Hukuuona?"

"Sikuuona."

"Basi kosa ni langu. Ningeufuata waya kabla ya kulaumu sensa."

Maneno yale yaliniwasha siku nyingi. Mwishowe nikavuka barabara nikamwambia ukweli: niliuona. Hakushangaa. Aliniuliza tu kama ningependa kujifunza kuhesabu ile taa.

Nikajifunza. Na hata nilipokuwa nikihesabu, wivu haukuniacha. Sasa nilimwonea wivu kwa wepesi wake wa kusamehe.