Mkoba wa Watu Wawili

Mkoba nilianza kuufungasha siku kumi kabla ya safari. Mwanangu wa pekee, anayefanya kazi za nyumbani Uarabuni, alikuwa amepewa likizo baada ya miaka mitatu, na alinitumia picha ya maporomoko ya maji ndani ya msitu wa Shimba.

"Mama, nimezaliwa Msambweni na sijawahi kufika hapa," aliniambia kwenye simu. "Nikija twende, mimi na wewe tu."

Mimi pia sikuwa nimefika. Nikalipia nafasi mbili kwenye gari la kikundi cha watembezi wa Ukunda, kisha nikaanza kutafuta vitu.

Kipya nilichonunua kilikuwa plasta za vidonda peke yake. Mkoba ulikuwa ule aliokwenda nao sekondari. Zipu ilikuwa imekwama, nikaisugua kwa kipande cha sabuni mpaka ikateleza. Raba jozi mbili nilizipata kwa muuza mitumba mmoja, mwanamke wa makamo kama mimi. Alinionyesha namna ya kuzikunja: soli isiyopinda itakuchubua kisigino, na iliyolika haishiki tope. Aliponiuliza saizi ya mwanangu, nilisita.

"Mguu wa mtu mzima haukui, dada," akasema. Nikachukua za kijivu.

Chupa tupu za juisi nilizikosha kwa maji moto na chumvi, nne. Nikaongeza kanga kuukuu mbili za kujifutia, kipande cha turubai cha kukalia, na soksi ndefu za wacheza mpira. Jirani akanionya nisivae buluu, kwani mbung'o wa kule msituni huifuata rangi hiyo, nami nikabadilisha dera nililokuwa nimelitenga. Kila jioni niliufungua mkoba, nikapanga upya, nikaufunga.

Safari ilikuwa Jumamosi. Jumatano alipiga simu, nikadhani yuko uwanja wa ndege.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshafika wapi?"

Alikuwa bado jikoni kwa mwajiri wake. Mke wa mwenye nyumba alikuwa amejifungua kabla ya siku zake, na likizo imesogezwa mbele, hajui mpaka lini. "Usilie, mama," akasema. Nikamjibu kwamba silii. Tulipoagana nilikaa kitandani na zile soksi mkononi, nikalia hasa.

Nilikusudia kutokwenda. Lakini Jumamosi niliamka kwa Alfajiri, nikaswali, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia maji yakitona kwenye ndoo uani. Sikuiweza siku nzima ya namna ile. Nikabandika viazi vitamu, nikachemsha mayai, nikafunga mahamri. Nilipokuja kutazama, nilikuwa nimepika ya watu wawili. Sikupunguza kitu, na mkoba niliubeba vilevile ulivyokuwa.

Wenzangu safarini walikuwa vijana, wengi kutoka bara, wafanyakazi wa mahoteli ya Diani. Walicheka njia nzima. Kiti cha pembeni yangu nilikuwa nimekilipia, kwa hivyo hakuna aliyekaa.

"Shikamoo mama. Mwenzio yuko wapi?" aliuliza kiongozi wa msafara, Mdigo mpole, akitazama orodha yake.

"Hakujaaliwa kuja."

Njia ya kushukia majini ni mteremko mkali, wenye mizizi na udongo unaoteleza. Hatukufika nusu, msichana aliyekuwa mbele yangu akakatikiwa na kamba ya ndara. Akajaribu kutembea miguu mitupu, akachomwa na mwiba, akaketi chini. Kiongozi akauliza kama kuna mwenye viatu vya akiba.

Nilizishika kamba za mkoba mabegani. Nasema kweli, nilizishika muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikavua mkoba, nikatoa plasta na zile raba za kijivu. Zilimkaa sawasawa.

"Aki mum, asante sana! Ni za nani?"

"Za mwanangu."

Akatangulia tena, nami nikamfuata nyuma nikitazama visigino vile vikishuka mbele yangu. Nilikaza macho pale hata sikuuona msitu.

Maporomoko yenyewe ni marefu, maji yake ni baridi kuliko nilivyodhani. Vijana wakaingia na kupiga kelele. Mimi nilitandika turubai, nikala yai moja na kiazi, na kilichobaki nikawagawia. Yule msichana aliomba nipige naye picha, nikakataa. Akanipiga kwa mbali bila mimi kujua, akaomba nambari yangu, akanitumia tulipokuwa tumerudi Ukunda.

Jioni mwanangu alipopiga nilimrushia picha ile. Nimeketi ukingoni, mgongo umeinama kidogo, na maji yanaanguka nyuma yangu. Nikasikia mtoto mchanga akilia huko aliko.

"Mama, umekonda."

"Ni picha tu hiyo."

"Unakula lakini?"

"Nakula, mwanangu. Leo nimekula sana."

Kuna mtu alimwita kwa Kiarabu. Akasema atanipigia kesho, akakata. Ilikuwa karibu na Magharibi. Nikainuka nikatawadha.